Gavana Aliyezuiwa Mpakani

Ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuelekea magharibi, utafika Kalemie, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambao wakazi wake huzungumza Kiswahili. Hadi mwaka 2015 mji huo ulikuwa katika jimbo la Katanga, lililozidi nusu ya Tanzania kwa ukubwa. Angalia neno hilo: nchini Tanzania jimbo ni eneo linalomchagua mbunge mmoja, ilhali Kongo jimbo ni sehemu kubwa ya nchi yenye bunge lake na serikali yake chini ya gavana.

Gavana huyo hachaguliwi moja kwa moja na wananchi. Kwa mujibu wa Katiba ya 2006, wananchi huwachagua wabunge wa jimbo, nao wabunge humchagua gavana kwa kipindi cha miaka 5. Ndivyo Moïse Katumbi alivyokuwa gavana wa Katanga mwaka 2007. Alikuwa mfanyabiashara na mwanachama wa PPRD, chama cha Rais Joseph Kabila. Aidha, alikuwa rais wa klabu ya soka ya TP Mazembe ya Lubumbashi. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, kisha ikawa ya kwanza barani kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Jina la gavana likavuma mbali kuliko mipaka ya jimbo lake.

Kipindi chake kilipaswa kwisha mwanzoni mwa 2012. Hata hivyo, uchaguzi wa mabunge ya majimbo haukufanyika, na wabunge walewale pamoja na gavana wao wakaendelea kukaa madarakani. Jambo hili lizingatie, kwani kuahirishwa kwa uchaguzi, kulikomwongezea Katumbi miaka ya uongozi, baadaye kulimgeukia.

Kipindi cha pili na cha mwisho cha Rais Kabila kilikuwa kiishe Desemba 2016. Mwishoni mwa 2014, akihutubia mjini Lubumbashi, Katumbi alitumia mafumbo ya penalti kuonya dhidi ya kipindi cha tatu. Mwaka uliofuata Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, na Septemba 2015 Katumbi alijiuzulu ugavana na kukihama chama.

Mei 2016 alitangaza kuwania urais. Mwezi huohuo alishtakiwa kwa kuhatarisha usalama wa taifa, akaondoka nchini kwa matibabu. Juni, mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 3 bila yeye kuwapo, katika kesi nyingine iliyohusu nyumba. Alikana mashtaka yote. Uchaguzi nao ukasogezwa hadi Desemba 2018. Agosti mwaka huo alijaribu kurudi kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ili awasilishe fomu zake. Akazuiwa kuingia, na muda wa kujiandikisha ukapita. Alimuunga mkono Martin Fayulu, lakini Félix Tshisekedi ndiye aliyetangazwa mshindi.

Hukumu ya kesi ya nyumba ilifutwa mwaka 2019, naye akarejea Lubumbashi mwezi Mei. Desemba 2023 jina lake hatimaye lilikuwa katika karatasi ya kura ya urais. Tume ilitangaza kwamba Tshisekedi alipata takriban asilimia 73, na Katumbi akawa wa pili kwa asilimia 18, yaani kura zaidi ya milioni 3. Wapinzani waliyakataa matokeo hayo wakidai udanganyifu.

Basi, msomaji, unapofuatilia uchaguzi wa nchi jirani, usihesabu kura pekee. Uliza ni nani aliyeruhusiwa kugombea, na ni tarehe zipi za uchaguzi zilizopita bila mtu kuitwa kituoni. Kisha ulize pia, kama tunavyopaswa kumuuliza gavana wa 2012: ni nani aliyenufaika na ucheleweshaji huo, na je, alipinga wakati ulipomfaa?