Barua za Nyumbani Katika Kisiwa cha Pemba

Wazee wetu walisema ya kuwa waraka ni nusu ya kuonana, na watu wa Pemba walikuwa na sababu ya kulijua neno hilo kuliko wengi. Kisiwa chao kimetengwa na Unguja kwa maili 30 hivi za bahari, na katika siku za matanga safari ilitegemea upepo. Aliyeoa Wete akamwacha mama yake Unguja mjini hakuwa na njia ila karatasi na nahodha mwaminifu. Leo tumependa kuwasimulia wasomaji wetu habari za barua hizo. Si zile za masultani na mabalozi, ambazo zimekwisha kuandikwa vitabuni, bali barua za watu wa kawaida, zenye habari za kuku, mahari, homa na deni la pishi mbili za mchele.

Kwanza yatupasa kueleza namna zilivyoandikwa. Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nazo kwa desturi ya zamani hazikutoshea sauti zetu zote. Herufi ya be ilitumika kwa b, na kwa p, na kwa mb. Fe ilitumika kwa f na v. Shini kwa sh na ch. Basi mtu akiandika kwamba shemeji amekwenda kuvua, msomaji aliweza kusoma kwamba amekwenda kufua, na watu wa barazani wakacheka kwa kumdhani shemeji yule mwenye ndevu yu mtoni na nguo za mkewe. Msomaji hodari hakusoma herufi tu. Alimjua mwandikaji, akajua kama ana dau au hana. Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mwaka 1892 mkusanyo wa nyaraka za Kiswahili za hati hizo, na kwa huo watu wa Ulaya walipata kuona ya kuwa watu wa pwani walikuwa wakiandikiana kwa lugha yao wenyewe.

Desturi ya barua ilikuwa salamu nyingi. Mwandikaji alianza na heshima ya Kiarabu, akamtaja mpokeaji kwa sifa zake, akamuuliza hali, akaeleza hali yake. Na ukurasa ukiisha, maneno yaliyobaki yalipandishwa pembeni mwa karatasi. Hata mara nyingine habari yenyewe, ya kwamba ng'ombe amekufa, ilikuwa huko pembezoni imebanwa kama abiria wa mwisho katika mashua.

Tena barua haikuwa ya mtu mmoja. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo ilisomwa na mwalimu wa chuo au jirani, mbele ya mama mkwe na watoto na mpita njia. Sisi twadhani ya kuwa hapo ndipo ulipozaliwa mzaha wa barua zetu. Mume hakuweza kumwambia mkewe wazi ya kuwa amemkumbuka. Alisema chai ya huku haina sukari. Aliyedai hakudai, aliuliza kama kile kidirisha cha mfuko wa shemeji kingali kimefungwa.

Karafuu ndizo zilizozidisha mambo haya. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini ile ya Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika. Tangu hapo Pemba ikatoa karafuu nyingi kuliko ndugu yake. Na baada ya utumwa kuondolewa katika sheria mwaka 1897, wachumaji walikuja kwa ujira, wengine kutoka Unguja na wengine kutoka bara, wakakaa msimu mzima mbali na kwao. Serikali ya Zanzibar ilikuwa imeanza posta yake yenyewe mwaka 1895, lakini nahodha hakuachwa mara moja, maana nahodha hakutaka stempu, tena alichukua na kikapu cha maembe.

Pemba ilikuwa hata na watu waliojibizana kwa mashairi. Kamange, aliyefariki mwaka 1910, na Sarahani bin Matwar, aliyefariki mwaka 1926, waliishi zama moja, na tungo zao zilikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa mwaka 2011. Lakini hao walikuwa mafundi, nasi leo twazungumza habari za wasio mafundi.

Misioni ilileta jambo jipya. Kiungani, katika Unguja, palianza kupigwa chapa gazeti la Msimulizi mwaka 1888, na ndani yake walimu waliandika habari za shule na mitaa yao, za safari na maradhi na michezo. Ilikuwa kama barua ya jamaa moja iliyotawanyika, ila imepigwa chapa. Pemba nayo, Marafiki walifika Banani mwaka 1897, na shule zikafundisha herufi za Kirumi. Ndipo katika nyumba nyingine babu alisoma hati asizozijua mjukuu, na mjukuu akaandika hati asizozijua babu, na barua moja ikahitaji wasomaji wawili.

Tuongeze moja la nyumbani kwetu. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, mjomba wa baba yetu alivuka kwenda Mombasa. Bibi alimwandikia kila mwezi. Yeye alisema, na baba yetu, aliyekuwa mtoto wa shule, aliandika. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 chakula kilikuwa haba sana visiwani, na watu walihadhari na maneno ya kuandikwa. Basi Bibi aliandikisha habari za mbuzi, na za jirani aliyepaka nyumba chokaa upande mmoja tu, akafuatisha haya: kwamba paka wetu amekuwa mcha Mungu mno, afunga hata miezi isiyo ya Ramadhani, naye sasa amekonda kwa ibada. Baba yetu alicheka alipokuwa akiandika. Atuambia ya kuwa aliinua macho, akaona Bibi hacheki.

Barua ilikwenda. Baada ya majuma kadhaa alikuja baharia mmoja usiku, akaleta mchele katika mfuko wa nguo, na papa mkavu, na kikaratasi kilichokunjwa. Hapakuwa na salamu wala jina. Palikuwa na maneno matatu tu: Mfuturisheni paka huyo.