Somo la Fedha katika Skuli za England

Wengi wetu tuliohamia Uingereza tumelelewa na upatu. Kila mwezi unatoa, zamu yako ikifika unapokea, na mtoto aliyekaa kando ya mama yake hujifunza hesabu hizo bila ya mwalimu. Watoto wetu waliozaliwa huku hukutana kwanza na kadi ya mkopo. Ndiyo maana khabari ya kulazimisha elimu ya fedha katika skuli za serikali inatuhusu.

Fikra yenyewe si ngeni hapa. Benki ya Akiba ya Posta ilianza 1861, na kima cha chini cha kuweka kilikuwa shilingi moja, nyingi kwa mtoto wa kibarua. Mwaka 1880 Henry Fawcett, waziri wa Posta aliyekuwa kipofu, alileta karatasi ya kubandika stempu za peni moja; zikitimia 12, ndiyo shilingi, inaingia benki. Sisi wahandisi tunapenda vitu kama hivi: kidogo, rahisi, na kinafanya kazi. Lakini kilifundisha kuweka tu. Kukopa hakikukugusa.

Mwaka 2011 watu zaidi ya 100,000 walitia saini maombi kwa Serikali wakitaka somo la fedha liwe la lazima. Kuanzia Septemba 2014 likaingia katika mtaala wa sekondari wa England, ndani ya hesabu na uraia: bajeti, madeni, bima, akiba, pensheni. Tatizo ni kuwa sekondari nyingi zilikwishageuzwa akademi, nazo, ingawa zinaendeshwa kwa fedha za serikali, hazikulazimika kufuata mtaala huo. Lazima gani hiyo?

Wakopeshaji hawakungoja. Hata baada ya kuwekewa kikomo Januari 2015, mikopo ya muda mfupi iliruhusiwa kutoza asilimia 0.8 kwa siku. Husikika kama si kitu. Paundi 100 kwa siku 30 huzaa paundi 24, na kijana wa miaka 18 anaweza kuipiga hesabu hiyo, ikiwa yupo aliyemwonyesha kwamba ni ya kupigwa.

Novemba 2025 serikali ilitangaza kuwa uraia, pamoja na elimu ya fedha, utakuwa wa lazima tangu skuli za msingi, na mtaala mpya umepangiwa kuanza 2028. Aliye sekondari sasa hivi, hayo ya msingi yameshampita. Kwa hivyo, kwenye mikutano ya wazazi tuwaulize walimu: somo hili linafundishwa katika kipindi gani, na nani analifundisha?