Namba Tasa

Katika Bariadi, ambayo tangu mwaka 2012 ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, neno "tasa" halihitaji kufafanuliwa. Wasukuma wa huko ni wakulima wa pamba na wafugaji, na ng'ombe asiyezaa ni hasara iliyo wazi. Neno hilohilo ndilo linalotumika katika hesabu za Kiswahili kuita namba isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa namba yenyewe. Mfugaji akiacha ng'ombe 12, warithi wawili, watatu, wanne au sita waweza kugawana bila ugomvi. Akiacha 17, hapana mgawo ulio sawa ila warithi wawe 17, au mmoja peke yake.

Lakini je, jina hilo ni la haki? Euclid, Myunani aliyeandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba kila namba ipitayo 1, kama si tasa yenyewe, yagawanyika kwa namba tasa. Hivyo 12 ni 2 mara 2 mara 3. Basi hizo ziitwazo tasa ndizo mama wa namba zote. Wala hazina mwisho: namba tasa zozote zijulikanazo zikizidishwa pamoja, kisha ikaongezwa 1, jibu likigawanywa kwa mojawapo hubakisha 1, kwa hiyo lazima iko tasa nyingine isiyohesabiwa.

Mwaka 1772 Leonhard Euler, aliyekuwa karibu kipofu kabisa, alithibitisha kuwa 2,147,483,647 ni tasa. Kuijaribu kwa kila kigawo kungemfikisha mtu hadi 46,340. Euler aliipunguza kazi hiyo: kigawo cha namba hiyo kilicho tasa, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakishe 1 au 63. Akajaribu hizo tu, asipate hata kimoja.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow, akiitaja namba nyingine itokanayo na tasa hiyo, aliandika kuwa ya jinsi yake iliyo kubwa zaidi haitavumbuliwa kamwe, kwa kuwa namba hizo ni za ajabu tu, hazina manufaa, na hapana atakayejitaabisha kuzitafuta.

Alikosea mara mbili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha tasa yenye tarakimu 39, na Oktoba 2024 ikatangazwa yenye tarakimu 41,024,320. Ama manufaa, mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kuficha habari kwa namba tasa mbili kubwa: kuzizidisha ni kazi nyepesi, bali kuzitambua kutokana na jibu lake ni kazi ngumu mno. Kwa njia za namna hiyo mabenki huzilinda siri za wateja wao.

Mfugaji hungoja misimu kadhaa kabla ya kumhukumu ng'ombe kuwa tasa. Barlow hakungoja.