JOTO, MIONZI NA MGONGO (Sehemu ya 4)

Leo ni historia tena, lakini ya leo inagusa mgongo.

Sisi Unguja faida ya joto tumeijua zamani. Mama akishajifungua anakandwa maji ya moto mgongo na kiuno mpaka atimize arubaini. Linaburudisha, mie silikatai. Ila yapo maumivu ya mgongo ambayo kitambaa cha moto hakiyafikii: pale saratani ya titi, tezi dume au mapafu inaposambaa hadi kwenye pingili.

Hapo tegemeo ni mionzi. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua eksirei, na mwaka uliofuata tu madaktari wakaanza kuijaribu kwa saratani. Mwaka 1897 Wajerumani wakafungua hospitali ufukweni Dar es Salaam. Ndiyo hiyo Ocean Road, iliyokuja kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka 1996. Mashine za kobalti zilifanya kazi pale miaka mingi, na mwaka 2018 zikaja za kisasa, zinazolenga uvimbe vizuri zaidi.

Joto nalo likaingia hospitali. Miaka ya 1990 madaktari Marekani walianza kuingiza sindano mfupani na kuipasha kwa mawimbi ya redio ili iunguze uvimbe. Baadaye njia hiyo ikaunganishwa na mionzi kwa wagonjwa wa mgongo: joto linaunguza uvimbe wenyewe, mionzi inashughulikia seli zilizobaki pembeni. Lakini si kila hospitali inaweza. Mionzi peke yake nayo inasaidia sana. Mara nyingi hata dozi moja hupunguza maumivu ya mfupa.

Kinachotuponza ni wakati. Mgonjwa wa Unguja anahitaji rufaa, kisha boti pale Malindi. Uvimbe ukibana mishipa ya fahamu, anayefika anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Aliyefika miguu imeshapooza, mara nyingi hairudi.

Kwa hiyo, mtu aliyewahi kuugua saratani akilalamika mgongo unaomzidi usiku, miguu kukosa nguvu au kufa ganzi, mkojo kuziba au kumtoka bila kujijua, usianze kumkanda. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kwamba aliwahi kuwa na saratani.