Paukwa Bila Pakawa: Historia ya Uandishi wa Pamoja Mtandaoni na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwaka tunawafunza watahiniwa wetu kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii, na kwamba fanani anaposema "Paukwa!" hadhira hujibu "Pakawa!" Mtahiniwa akiulizwa umuhimu wa fomyula hii hujibu bila kusita kuwa huvuta makini ya hadhira. Jibu hilo ni sahihi, ila lina upungufu. Fomyula hiyo humhakikishia fanani pia kwamba yuko mtu anayemsikiliza. Asipojibiwa, hana sababu ya kuendelea.

Makala hii inanuia kuonyesha kwamba jambo hilo hilo limechangia pakubwa hatima ya miradi mikuu ya uandishi wa kujitolea, ile ambayo watu wasiojuana huandika kazi moja bila malipo. Tutaanza na kamusi iliyojengwa kwa barua, tuje kwenye Wikipedia, kisha tujiulize swali linalotuhusu moja kwa moja: kwa nini Wikipedia ya Kiswahili, lugha yenye mamilioni ya wasemaji, ingali inategemea mikono michache?

Vikaratasi na Barua

Uandishi wa aina hii haukuanza na intaneti. Mwaka wa 1857 chama cha wanafilolojia mjini London kilianza kazi iliyokuja kuzaa kamusi ya Oxford English Dictionary. Wasomaji wa kujitolea waliombwa kunakili sentensi kutoka vitabuni kwenye vikaratasi na kuvituma kwa mhariri. Mwanzoni ari ilikuwa kubwa. Hata hivyo, chini ya mhariri wa pili, Frederick Furnivall, kazi ililegea na wengi wakaacha. James Murray aliposhika usukani mwaka wa 1879 ilimbidi avitafute vikaratasi vilivyotawanyika. Vya herufi H vilipatikana Florence, Italia. Vya maneno yanayoanza kwa Pa vilikuwa vimehifadhiwa zizini huko Cavan, Ireland, na vingi vilikuwa vimetumiwa kuwashia moto.

Je, Murray alifanya nini? Kwanza, alichapisha nakala 2,000 za ombi jipya kwa wasomaji, akieleza vitabu vilivyohitaji kusomwa na namna ya kujaza kikaratasi. Kazi ya kila mtu ikawa ndogo na yenye mipaka. Pili, alijibu. Aliwaandikia wachangiaji wake barua nyingi mno, hata idara ya posta ikaweka sanduku la barua nje ya nyumba yake mjini Oxford. Tatu, majina ya wachangiaji yalitajwa kwa shukrani katika dibaji za kamusi. Murray alifariki mwaka wa 1915 na kamusi ikakamilika mwaka wa 1928, lakini msingi ulikuwa umewekwa.

Kutoka Nupedia hadi Wikipedia

Mnamo Machi 2000 Jimmy Wales alianzisha ensaiklopidia ya mtandaoni iliyoitwa Nupedia, naye Larry Sanger, mwanafalsafa, akawa mhariri mkuu. Waandishi walitarajiwa kuwa wataalamu, na kila makala ilipitia hatua saba za uhakiki kabla ya kuchapishwa. Ubora ulizingatiwa, lakini mchangiaji alisubiri kwa miezi. Nupedia ilipofungwa mwaka wa 2003, makala zilizokuwa zimepita hatua zote hazikufika 30.

Tarehe 15 Januari 2001 watu hao hao walikuwa wameanzisha Wikipedia, ambako mtu yeyote angeweza kubofya sehemu ya kuhariri na kuona maneno yake ukurasani papo hapo. Kufikia mwisho wa mwaka huo kulikuwa na takriban makala 20,000. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nupedia ilimpa mgeni mtihani. Wikipedia ilimpa jembe siku ya kwanza.

Hata hivyo, historia haikuishia hapo. Idadi ya wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza ilifika kilele mwaka wa 2007, kisha ikaanza kushuka, na kufikia mwaka wa 2013 ilikuwa imepungua kwa zaidi ya theluthi. Halfaker na wenzake walichunguza hali hii katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013. Waligundua kuwa sheria zilikuwa zimeongezeka, na programu za kompyuta zilizobuniwa kupambana na waharibifu zilikuwa zikifuta pia kazi za wageni wenye nia njema. Mgeni aliandika, kazi yake ikafutwa mara moja, na aliyoyapata ni ujumbe uliokwisha kuandaliwa. Aliita "Paukwa!" na mashine ikamwambia anyamaze. Ili kurekebisha hali hiyo, mwaka wa 2012 kulifunguliwa ukurasa maalumu ambapo mgeni huuliza maswali na kujibiwa na watu kwa upole.

Zawadi Ipi?

Huenda ukauliza: si tuwape tuzo tu? Hapa pana jambo la kupambanua. Tangu mwaka wa 2003 wahariri wa Wikipedia hupeana nyota, picha tu isiyo na thamani ya pesa, kama ishara ya shukrani. Mwaka wa 2012 watafiti Restivo na van de Rijt waliwachagua bila mpangilio baadhi ya wahariri wenye bidii zaidi, wakawapa nyota hizo, kisha wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Waliopewa walifanya kazi zaidi kwa takriban asilimia 60. Tukumbuke, hata hivyo, kuwa hao walikuwa tayari ni wakulima hodari. Shukrani iliwatia nguvu waliokuwa shambani. Utafiti huo hauthibitishi kwamba inaweza kumleta asiyependa kulima.

Sasa tuje nyumbani. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka wa 2003. Miongoni mwa waliojitokeza mapema ni Ndesanjo Macha, mwanablogu Mtanzania aliyejulikana kwa blogu yake ya Jikomboe. Mwishoni mwa mwaka wa 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili. Wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania walishiriki, na zawadi zilijumuisha tarakilishi na simu. Shindano lilipokwisha mapema mwaka wa 2010, zaidi ya makala 900 zilikuwa zimeandikwa. Hayo ni mavuno mazuri. Lakini zawadi zilipogawanywa wengi wa wanafunzi hao waliondoka, na kazi ya kusahihisha na kuendeleza makala ikarudi kwa wachache waliokuwapo tangu awali.

Simlaumu mwandalizi wala mwanafunzi. Aliyeitwa kwa tarakilishi alipata tarakilishi, na mkataba ukaisha. Leo Wikipedia ya Kiswahili ina zaidi ya makala 80,000, na imefika hapo kwa bidii ya watu waliobaki wakijuana, wakisahihishana na kufunzana, wakiwemo wa kundi la Jenga Wikipedia ya Kiswahili nchini Tanzania. Haba na haba hujaza kibaba, mradi anayetia haba ajue kibaba ki wapi.

Darasani Mwetu

Mwalimu mwenzangu, naomba nikukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita chama chetu cha Kiswahili shuleni kilianza kukusanya vitendawili na methali kutoka kwa wazee wa eneo letu. Wanafunzi 34 walijiandikisha, na kila mmoja angechapa alichokusanya kwenye faili moja katika maabara ya tarakilishi. Kila Ijumaa jioni niliifungua faili hiyo na kusahihisha. Nilirekebisha tahajia, nikafuta methali zilizojirudia, nikaondoa maelezo niliyoyaona dhaifu. Sikuandika neno lolote kwa aliyeyaleta. Kufikia mwisho wa muhula walibaki watano.

Nilidhani wamezidiwa na mitihani. Nilipomwuliza msichana mmoja wa Kidato cha Pili, alinijibu, "Mwalimu, methali ya nyanya yangu ilitoka na sikuambiwa kwa nini." Nilikuwa nimeiondoa kwa kudhani ni ile ile iliyokwisha kuandikwa. Kumbe nyanya yake alikuwa na maana tofauti, na tofauti hiyo ndiyo hasa tuliyokuwa tukiitafuta! Nikiwa mwalimu wa fasihi simulizi, ningejua kuwa matoleo mawili ya utungo mmoja ni utajiri wala si kosa.

Muhula uliofuata tulibadilisha mambo matatu. Kila mwanafunzi alipewa mzee mmoja na idadi ndogo ya tungo. Hakuna kilichofutwa kabla ya mwenyewe kuulizwa. Kila Ijumaa tuliketi dakika 15, mmoja akasoma alicholeta nao wengine wakamwuliza maswali. Hatukutoa zawadi. Wengine waliondoka hata hivyo, maana si kila mtu ana moyo wa kazi hiyo, lakini 19 walifika mwisho wa mwaka. Methali ya yule nyanya ilirudishwa, ikiwa na maana zote mbili.

Hitimisho

Katika mifano hii yote, watu walidumu pale walipopewa kazi wanayoweza kuimaliza, walipojibiwa na mtu, na kazi yao ilipotambuliwa na wenzao. Walihama walipongojeshwa, walipofutwa kimyakimya, au malipo yalipokuwa ndiyo sababu pekee ya kuja. Mtahiniwa anaweza kutumia hoja hizi anapojadili nafasi ya hadhira katika fasihi simulizi, na pia anapoulizwa iwapo fasihi hiyo ingali hai katika enzi ya teknolojia.

Nawe mwalimu, kabla ya kuanzisha mradi wowote wa kuandika pamoja, jiulize ni nani atakayemjibu mwanafunzi wa kwanza atakayeandika, na atamjibu siku gani. Ukikosa jibu, ahirisha mradi hadi ulipate.