Kisiwa Kilichozama, Msitu Uliobaki

Mwambie kijana wa Korogwe habari za visiwa, atakucheka. Sisi na bahari wapi na wapi? Sisi watu wa mkonge na reli, na wenzetu wa Handeni ni watu wa mahindi na ukame. Lakini jamani, historia haifuati mipaka ya wilaya. Katika karne ya 19 Waruvu wa hapa hapa Korogwe walijenga vijiji vyao juu ya visiwa vya mto ili kujikinga na maadui. Na mto wenyewe, huu tunaouita Ruvu na ambao kwenye ramani umeandikwa Pangani, haukomei darajani. Unateremka mpaka Hale, ambako tangu 1964 maji yake yanazungusha mitambo ya umeme, halafu unakwenda zake kumwaga maji baharini kwenye mji wa Pangani. Mbele ya mlango huo, kilomita chache ndani ya bahari, palikuwa na kisiwa cha Maziwe.

Nasema palikuwa, na sijakosea kuandika.

Maziwe kilikuwa kisiwa kidogo cha mchanga, kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na kimeota miti, hasa mivinje. Wavuvi walitua pale kupumzika na kukwepa upepo. Kasa nao walipanda ufukweni usiku kutaga mayai: kasa wa kawaida, ng'amba na kigome. Watafiti waliofika mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikitaja kuwa miongoni mwa sehemu muhimu kabisa za kutagia kigome katika Afrika ya Mashariki yote. Kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu, lakini sifa yake ilifika mbali.

Na biashara ya viumbe hawa si ya jana. Kipo kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki, yapata miaka elfu mbili iliyopita, kinachoeleza bandari za pwani yetu. Kinataja mji wa Rhapta, ambao wapo wanahistoria waliowahi kuutafuta karibu na mlango wa Pangani. Bidhaa zilizotoka huko zilikuwa pembe za ndovu na magamba ya kasa. Maana yake ni kwamba dunia ilikuwa inanunua kasa wetu kabla hata jina Tanga halijasikika popote. Pamoja na hayo kasa hawakuisha. Waliendelea kurudi Maziwe mwaka baada ya mwaka.

Sasa sikiliza kilichotokea. Miti ya kisiwa ilianza kupungua, mingine kwa kukatwa, na mchanga ambao mizizi yake iliushikilia ukaanza kuliwa na mawimbi. Wataalamu wametoa sababu zaidi ya moja, wala mimi sitaki kumbebesha mtu mmoja mzigo wote. Ninachojua ni kwamba kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na Maziwe ilikuwa imebaki fungu la mchanga. Maji yakitoka, unaliona linang'aa. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, hulioni.

Mwaka 1981 Maziwe ikatangazwa rasmi katika gazeti la serikali kuwa hifadhi ya bahari. Ndugu msomaji, hebu linganisha tarehe. Muhuri ulipogongwa, kisiwa kilikuwa kinamalizikia kwenda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumeimba hivyo tangu darasa la tatu. Hapa hata ukuta haukuwa na mahali pa kusimama.

Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba serikali haikuwa na boti wala askari wa kutosha. Ni kweli, lakini mimi naona jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba Maziwe haikuwa na mwenyewe. Sheria zilitungwa mbali na pwani. Mvuvi aliyelijua kila jiwe la pale alihesabiwa kuwa mtu wa kukatazwa, sio mtu wa kuulizwa. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wahenga walivyosema, na pale mezani mvuvi hakuwapo.

Sasa geuza uso uache bahari, tupande mpaka Handeni, maana huko ndiko nilikopata kipimo cha jambo hili. Watafiti waliozunguka Handeni katika miaka ya 1990 walihesabu mamia ya misitu midogo iliyolindwa na Wazigua wenyewe kwa mila. Mingine ni vichaka tu vya miti michache mirefu katikati ya mashamba. Hapa wamezikwa wazee wa ukoo, pale panafanyiwa tambiko la mvua, kwingine ni mahali pa jando. Hapakuwa na bango wala askari mwenye bunduki. Lakini mtu hakuingia na shoka. Akiingia, wazee walimwita, na adhabu aliijua kabla hajaitwa.

Ukiweka Maziwe na misitu hii ubavu kwa ubavu, utaona kitu. Kisiwa kilipata sheria bila watu. Msitu ulikuwa na watu bila sheria ya serikali. Kisiwa kimezama, na misitu mingi ilikuwa bado imesimama wakati watafiti wanapita.

Lakini tusidanganyane kwamba mambo ya zamani yalikuwa pepo. Mila nazo zilitegemea nguzo, na nguzo zikang'olewa. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa. Katika miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa, makaburi ya mababu yakabaki porini peke yake. Kisha ikaja njaa ya mkaa ya Dar es Salaam. Simama barabara kuu kati ya Chalinze na Segera uhesabu magunia yaliyopangwa pembeni, halafu uniambie kama mzimu unaweza kushindana na soko. Kijana asiye na kazi hamwogopi babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

Kwa hiyo sheria peke yake ilishindwa, na mila peke yake inaelemewa. Ilibidi vikutane. Mwaka 1994 mkoani Tanga ulianza mpango wa hifadhi na maendeleo ya pwani, ukisaidiwa na serikali ya Ireland na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Wakati ule baruti zilikuwa zinapasua matumbawe kama mchezo. Safari hii wanavijiji waliitwa wakakaa chini. Wakachora maeneo yao ya uvuvi, wakakubaliana ni miamba ipi ifungwe ili samaki wazaane, wakatunga sheria ndogo, wakafanya doria pamoja na askari. Wavuvi wa Kigombe na vijiji jirani walikuwa miongoni mwa wa kwanza, na kwa muda milio ya baruti ilipungua sana.

Huko Pemba, kisiwa cha Misali nacho kilikuwa mashakani. Kulikuwa na mpango wa kukipa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi wakakataa, na mwaka 1998 Misali ikawa eneo la hifadhi ambalo wavuvi wenyewe wana sauti ndani yake. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alitaka msala wa kusalia, akaukosa, akasema kisiwa kile ni mfano wa msala. Mtu hachafui msala wake. Bara nako, Sheria ya Misitu ya 2002 ilikipa kijiji haki ya kumiliki msitu wake na kuulinda kwa jina lake chenyewe.

Je, hadithi iliishia hapo kwa furaha? Hapana. Katika miaka ya 2000 baruti zilirudi Tanga kwa kishindo, na zilichukua miaka mingi kutulizwa, mpaka serikali ilipotia mkono wenye nguvu kuanzia 2016 hivi. Mwanakijiji mwenye ngalawa hawezi kumfukuza mtu mwenye boti ya mashine na mlipuko mkononi. Wenyeji wanahitaji serikali nyuma yao kama serikali inavyohitaji macho yao.

Na kasa? Hao ndio wanaonitoa jasho. Kasa jike hukua miaka ishirini, thelathini, pengine zaidi, kisha hurudi kutaga katika pwani alikozaliwa. Wamezidi kupanda pale Maziwe, wanachimba, wanafukia mayai kama mia hivi, wanaondoka. Bamvua likija, mayai yanakufa maji. Ndiyo maana walinzi wa kasa, watu wa vijiji vya hapo, wamekuwa wakiyachukua mayai kwa uangalifu na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo. Baada ya siku kama sitini vitoto vinatoka mchangani na kukimbilia baharini. Kazi iliyokuwa ya kisiwa inafanywa na mikono ya watu.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, nafahamu tunatamani riwaya za mapenzi na za Dar es Salaam, nami nimo. Lakini wazee waliokata kuni kwenye kivuli cha mivinje ya Maziwe wanazeeka. Wazee wanaojua jina la kila msitu wa tambiko Handeni wanazeeka. Mali bila daftari huisha bila habari. Chukua daftari la shilingi chache, nenda kwa mzee mmoja, salimia, kaa chini, muulize msitu wa ukoo wake unaitwaje na nani alikuwa anautunza. Andika jina hilo kabla ya mkaa haujalifikia.