Mzozo wa Vizazi katika Mchezo wa Lorraine Hansberry

Tarehe 11 Machi 1959 mchezo uitwao A Raisin in the Sun, wa Lorraine Hansberry, ulianza kuonyeshwa Broadway, New York. Ulikuwa wa kwanza wa mwanamke mweusi kufika katika majumba hayo, nao ulichezwa mara 530. Kwa juu juu habari yake ni ya fedha: jamaa wa Younger, wapangaji wa vyumba vichache kusini mwa Chicago, wangojea dola 10,000 za bima ya maisha ya baba aliyefariki. Lakini kinachogombaniwa hasa ni maana ya uhuru.

Lena, mama wa nyumba, ni wa kizazi kilichoikimbia kusini mwa Marekani, ambako watu weusi waliuawa na makundi pasipo hukumu. Kwake uhuru ni kuishi, na kuishi kwa heshima. Mwanawe Walter Lee, dereva wa tajiri mzungu, auona uhuru katika mali, naye ataka kufungua duka la pombe. Bintiye Beneatha yumo chuoni akitaraji kuwa daktari. Anapokana kuwapo kwa Mungu, mamaye ampiga kofi.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Katika nyumba nyingi za Biharamulo na Ngara, elimu humtoa kijana katika Kisubi au Kihangaza cha wazee ikamwingiza katika Kiswahili. Kwa Beneatha mambo ni kinyume: elimu ndiyo imwelekezayo kwa mababu. Apokea mavazi na jina la Kiyoruba kutoka kwa Asagai, mwanafunzi wa Nigeria, hali mamaye aijua Afrika kwa michango ya kanisa tu.

Katika Wakati Ukuta wa Ebrahim Hussein, uliotolewa kitabuni mwaka 1970, Tatu na mamaye wagombana kwa sababu nyakati zimebadilika. Kwa Hansberry upo ukuta mwingine, nao uko nje ya nyumba. Mwaka 1937 babaye mwenyewe, Carl Hansberry, alinunua nyumba katika mtaa wa wazungu wa Chicago, akashtakiwa kwa maagano yaliyowazuia weusi. Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa haki mwaka 1940, lakini maagano hayo yaliendelea kutumika hadi hukumu nyingine ya mwaka 1948.

Ukuta huo ndio unaoupatia mzozo suluhu. Walter, akiisha kudhulumiwa dola 6,500 na mwenziwe, akusudia kupokea fedha za Lindner, mjumbe wa wazungu, ili jamaa wasihamie mtaani kwao. Mamaye amshurutisha kuyasema hayo mbele ya mwanawe Travis. Hapo ulimi wamgeuka. Akataa, akimtaja babaye aliyeilipia nyumba kwa jasho lake. Basi mwana apata ukubwa wa nyumba kwa kushika kazi ya mzee wake, wala si kwa kumshinda mamaye.